Hakuna kidogo

Imeshagonga saa saba usiku, daku bado mbali, nyumba nzima imelala ila mimi. Tangu Jumatatu nina maneno mawili kichwani na hayataki kutoka.

"Hakuna kidogo."

Aliyeyasema ni Bi Mkubwa wa Dirishani, mmoja wa vikongwe ninaowahudumia kwenye makao ya wazee ninakofanya kazi. Mliokuwa nami tangu mwaka juzi mnamjua: yule aliyekuwa akinisimulia habari za ng'ombe wa baba yao na vyungu vya mama yake huku namfunga vifungo vya sweta. Tangu Krismasi ameacha kusimulia. Maradhi ya kusahau yamemchukulia maneno, moja leo, jingine kesho, akabaki na ndiyo, hapana, na jina la dada yake ambalo ndilo analoniitia mimi. Nami huitika.

Jumatatu ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Patrick, Cork nzima, huku Ayalandi, imevaa kijani. Nikaona siku kama ile asikae na slesi za mkate wa dukani mbele yake. Nesi wa zamu alikwisha niruhusu, maana Bi Mkubwa anameza vizuri, na chembechembe za mkate ndizo zinazotutia hofu kwa wale ambao koo zao zimedhoofika. Nikaamka kula daku, sikurudi kitandani, nikaanza kuoka mkate wa soda wa kwao. Unga gramu 450, chumvi kijiko cha chai, soda kijiko cha chai kilichopangusiwa juu kikawa sawa, mtindi unaokaribia mililita 400. Hauna hamira, hauna yai, hauna sukari. Ukiutia zabibu ni mzuri, lakini wapo wa hapa watakaokwambia hiyo sasa ni keki. Ulipotoka kwenye oveni nikaugonga chini kwa kiungo cha kidole, ukalia vizuri, sauti ya kitu chenye uwazi ndani. Sikuuonja, nimefunga. Nikauvisha kitambaa, tukapanda basi, mkate mapajani una joto kama mtoto.

Alasiri nikamkatia slesi nyembamba, nikaipaka siagi mpaka ukingoni, kama nilivyowaona wazee wa hapa wanavyopenda. Akaishika. Hakuipeleka mdomoni. Akaibonyeza katikati kwa kidole gumba, polepole, kama mtu anayepima embe.

"Umeukanda," akasema.

Nikamwita kwa jina lake. Kazini wazee huitwa kwa majina yao hivihivi, na mwaka wa tano huu ulimi wangu bado unaona haya. Nikamwambia, "Kidogo tu."

"Hakuna kidogo."

Akaiweka slesi kwenye sahani, akageukia dirisha. Basi.

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Nikayasikia kwenye basi, nikayasikia nikikoroga uji wa futari, na ninaomba radhi kwa Mola wangu, niliyasikia hata kwenye tarawehe, imamu anasoma na mimi najibizana na kikongwe. Kwamba nilikanda kidogo sana, mara nne au tano, ili tu donge likusanyike. Kwamba nilikuwa na njaa na usingizi. Kwamba alipaswa walau kula kipande kimoja. Kisha narudi mwanzo: umeukanda, kidogo tu, hakuna kidogo. Kila nikirudia, sauti yake inazidi ukali, ingawa nikisema kweli hakuwa mkali. Alisema kama mtu anayekwambia mvua inanyesha.

Na alisema haki. Wakati wa kufuturu nilikula ule upande niliouacha nyumbani, nikaona. Katikati ulikuwa umebana, mzito, unang'ang'ania meno.

Sababu yake naijua, nimeisoma na nimeelezwa jikoni mwa watu. Ngano ya Ayalandi ni laini. Hali ya hewa ya huku, ubaridi na mvua isiyokatika, huizaa hivyo, na gluteni yake, ile inayolifanya donge livutike, ni chache, haiwezi kuubeba mkate wa hamira vizuri. Soda ilipoingia nchini humu, kwenye miaka ya 1830, ikaikuta ngano inayoifaa na nyumba ambazo mtindi wa kusuka siagi haukosekani. Ukali wa mtindi ukikutana na soda, hewa inazaliwa papo hapo. Haingoji. Oveni lazima iwe imeshawaka, nyuzi 230 kwa robo saa, kisha unapunguza hadi 200 kwa nusu saa nyingine. Ukikanda unaitoa ile hewa kwa mikono yako mwenyewe, na ile gluteni chache unaiamsha ikaze. Kila ukandaji ni hasara. Ndiyo maana hakuna kidogo.

Lakini nitaufanyaje mkono wangu? Mkono huu umefundishwa na marehemu bibi, kwetu Chumbageni, Tanga, juu ya mkeka, na donge la maandazi lililonishinda ukubwa. Kanda. Kanda tena. Kanda mpaka unga ukuitike. Chapati zake zilikuwa zinachambuka tabaka kwa tabaka, na hakuna mwanamke mtaani aliyeuliza siri, wote walijua ni bega. Mtu akisema kwetu "yule ana mkono," hamaanishi mkono unaojizuia. Kwa hiyo kuambiwa "umeukanda" kama kosa kulinichoma mahali ambapo hata baba watoto nilipomweleza hakupaona. Akanambia, "Si mkate tu?" Nikanyamaza, kwa sababu mwezi huu si wa kugombana.

Wiki yenyewe ilikuwa na mambo yake: Jumanne wakaguzi walikuja kazini bila taarifa, Jumatano baba watoto kapata ile barua ya kazi ya kudumu tuliyoisubiri miezi kumi na minne, alhamdulillahi, na kifunguamimba kafeli hisabati za majaribio. Nilifurahi kwa la kufurahia, nikasikitika kwa la kusikitikia. Kisha nikarudi kwenye slesi yangu.

Alhamisi baada ya kufuturu nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmefuturu?"

Tukapitia jamaa wote, nani mgonjwa, nani kaposwa. Kisha nikamweleza. Nilikuwa nimemtumia picha ya mkate, akauliza kwa nini nimeuchanja vile, mikato miwili imekingamana. Nikamwambia ni ili moto ufike katikati, na ukiiva unaumega pande nne bila kisu. Na wazee wa huku wana msemo kwamba pale ndipo vijini vinapopata njia ya kutoka. Akaguna. Nikamwambia kilichoniuma ni hiki: mkate usiokandwa ni mkate gani, mama? Mimi nitauachaje unga bila kuukanda?

Akakaa kimya, nikadhani mtandao umekatika.

"Kwani wa kumimina ulikuwa unaukanda?"

Jamani. Nimekula mkate wa kumimina kila Ramadhani ya utoto wangu na sikuwahi kuufikiria. Mchele unalowekwa usiku, unasagwa na tui, unatiwa hamira, sukari na iliki, kisha unaachwa. Bibi alikuwa anaufunika kanga na kututimua jikoni. Aliyekuja kuchungulia na kuchovya kidole alichapwa kofi la mkono: "Ukishaumuka usiuguse, utalala!" Kisha anaumimina kwenye sufuria ya moto, makaa chini, anafunika, anaupalia makaa mengine juu ya mfuniko mpaka uso wake ubadilike rangi. Yule yule bibi. Bega lile lile la chapati lilijua kukaa pembeni na kungoja. Mimi nilibeba nusu ya mafundisho yake, nusu nikaiacha Tanga.

Na hapo ndipo nilipokumbuka alichonisimulia Bi Mkubwa mwaka juzi, nikakiandika humu humu: kwao, magharibi mwa Cork, mama yake hakuwa na oveni. Alikuwa na bastible, chungu cha chuma chenye miguu mitatu na mfuniko bapa. Mkate unaingia ndani, chungu kinawekwa motoni, na makaa ya ule udongo wa mboji wanaouchimba na kuukausha yanapangwa juu ya mfuniko. Siku ile nilimwambia sisi huita kupalia. Akalirudia neno, "kupalia," akalipenda, akawa akiniona na jagi la chai anasema kupalia, kupalia, kama salamu.

Tangu simu ile sauti imebadilika kichwani mwangu. Maneno ni yale yale. Ila nilichokuwa nakisikia kama lawama sasa nakisikia kama kazi. Mchana kutwa sisi ndio tunaomwambia: inua mkono, fungua mdomo, geuka, kaa vizuri, tayari. Miezi mitatu hakuna aliyepokea agizo kutoka kwake. Jumatatu alinipa. Alibonyeza mkate kwa kidole gumba akajua kilichotendeka jikoni kwangu saa kumi na mbili asubuhi, akanisahihisha kwa maneno mawili, wala hakuniita kwa jina la dada yake. Nililia kwenye ngazi, Ijumaa, nimebeba mashuka.

Jana Jumamosi nikaingia chumbani na bakuli. Unga kidogo, chumvi, mtindi pembeni. Soda sikutia, kwa sababu soda haingoji basi. Nikaweka bakuli kwenye meza yake ya magurudumu, nikamnawisha mikono, nikamimina mtindi katikati. Alitazama bakuli muda mrefu. Akaniuliza kama basi la kwenda mjini limepita. Nikamwambia bado. Nikataka kukata tamaa.

Kisha mkono wake wa kulia ukaingia wenyewe. Vidole akavitandaza, akavikakamaza kama mguu wa kuku, akazungusha kutoka katikati kwenda nje. Mzunguko mmoja. Wa pili. Wa tatu, mpana zaidi, ukipitia ukutani mwa bakuli. Ule mkono unaotetemeka na kikombe haukutetemeka. Unga wote ulikuwa umeshika, mbichi, mbaya kwa macho, una mabonde, na mimi vidole vyangu viliwasha kuuingia niulainishe.

"Basi," akasema, akautoa mkono.

Akaangalia unga kwenye vidole vyake, uso ukageuka. Akasema nimnawishe haraka, baba anarudi mnadani na atamkuta hivi. Baba yake amekufa kabla mimi sijazaliwa. Sikumsahihisha, tumefundishwa hivyo, na hata tusingefundishwa nisingeweza. Nilimnawisha kwa maji ya vuguvugu, kidole kimoja kimoja, nikamwambia baba akija atamkuta safi.

Leo nimeoka kwa mkono ule. Vidole mguu wa kuku, mizunguko nikihesabu kwa sauti, nilipofika wa tano nikasema basi kama alivyosema yeye. Nikauviringisha kwa mguso mmoja tu ili upate umbo. Kitindamimba alikuwa amesimama kando, akauliza, "Mama, mbona hujamaliza?" Nikamwambia nimemaliza. Kuuingiza kwenye oveni ukiwa na mabonde yale kulinigharimu kuliko kufunga.

Saa moja kasoro dakika kumi, tende, maji, kisha mkate na mchuzi wa samaki. Ulipasuka penye mikato wenyewe, pande nne, ndani laini, wenye kupukutika, na ile harufu ya ukali wa mtindi. Watoto wamekula pande tatu. Ya nne nimeifunga kwenye kitambaa, ipo juu ya friji, ni ya Bi Mkubwa kesho. Sijui kama ataibonyeza. Kuna siku anaamka hayupo kabisa.

Niliketi kuandika haya nikidhani yatanipa usingizi, lakini kumbe kuirudia simu ya Alhamisi kumenisikilizisha kingine. Pale mama aliponyamaza, kabla ya kuuliza habari za kumimina, mtandao haukukatika. Nyuma yake kulikuwa na sauti. Ti. Ti. Ti. Maji yanadondokea kwenye ndoo ya plastiki, tena ndani, maana mama huongea na simu akiwa kitandani. Masika imeshaingia Tanga. Fedha za mabati nilituma Januari, fundi akanijibu kazi imekwisha, akanitumia na picha ya paa. Sasa hivi nimeifungua tena ile picha nikaikuza. Mwembe wa jirani haupo. Uani kwa mama, ukisimama popote kupiga picha ya paa, ule mwembe lazima uonekane.

Kesho saa mbili asubuhi ya kwao, kwangu itakuwa saa kumi na moja alfajiri, nimeshamaliza daku, nampigia.