Neno la Bwana Limevuma

Wapendwa katika Kristo, somo la wiki hii ni 1 Wathesalonike 1:2-10, na tutakaa zaidi kwenye mstari wa 8: "Maana kutoka kwenu neno la Bwana limevuma." Kitenzi cha Kigiriki alichotumia Paulo hapo, exekheo, hakipatikani mahali pengine popote katika Agano Jipya. Mzizi wake ni ekhos, sauti inayovuma, na ndugu yake ni ekho, yaani mwangwi. Mzizi huohuo umo katika Matendo 2:2, uvumi wa upepo siku ya Pentekoste, na katika 1 Wakorintho 13:1, shaba iliayo bila upendo. Kwa hiyo kuvuma peke yake si sifa. Inategemea kinachovuma.

Tazameni mwangwi wenyewe unavyotokea. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Sikio hulisikia neno lililorudi kama sauti ya pili ikiwa tu limechelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, basi ukuta au mwamba uwe mbali mita 17 au zaidi. Ukiwa karibu kuliko hapo, sauti mbili zinachanganyika. Ndiyo maana katika kanisa tupu lenye sakafu ya saruji msomaji anayeharakisha haeleweki, na kuongeza sauti ya spika kunazidisha fujo. Asome polepole, atue kwenye kila nukta.

Ukipaza sentensi ndefu mbele ya mwamba ulio mita 170, mwanzo wake unarudi baada ya sekunde moja, wewe bado unasema, na sauti yako inaufunika. Utakachosikia vizuri ni silabi za mwisho tu. Wagiriki wa kale waliliona hilo, wakasimulia juu ya Ekho, binti wa milimani asiyeweza kusema ila miisho ya maneno ya wengine.

Paulo alihojiana na watu wa Thesalonike katika sinagogi sabato tatu (Matendo 17:2), kisha ndugu wakamtorosha usiku. Mhubiri hayupo tena, na hapo ndipo neno linavuma Makedonia na Akaya. Mji ulikuwa bandari, tena juu ya barabara kuu ya Warumi, Via Egnatia, hivyo habari zilipata wa kuzibeba. Lakini mwamba hauamini wala hauteseki. Wathesalonike hawa walilipokea neno "katika dhiki nyingi, pamoja na furaha ya Roho Mtakatifu", wakaziacha sanamu, na watu wa mbali walisimulia kugeuka kwao.

Katekista naye jina lake limetoka hapohapo: katekheo, kumvumishia mtu neno mpaka limwingie. Luka analitumia kwa Theofilo, aliyekwisha kufundishwa (Luka 1:4), na Paulo kwa mwanafunzi anayemshirikisha mkufunzi wake mema yote (Wagalatia 6:6). Darasa linaharibika pale mwalimu anapouliza na kujibu mwenyewe, au watoto wanapoitikia kwa pamoja huku nusu yao wakidaka silabi ya mwisho tu. Neno hilo halijaingia.

Wiki hii tufanye hivi, darasani na nyumbani. Chukua kipande kifupi, maneno yasiyozidi kumi, kwa mfano "mlivyomgeukia Mungu mkaziacha sanamu". Kitamke mara moja, wazi. Nyamaza, hesabu taratibu mpaka tano. Usijaze kimya hicho kwa maelezo. Mtoto mmoja akirudie peke yake, kisha mwingine, ndipo wote. Mwisho muulize mmoja akiseme kwa maneno yake, bila kumdokezea. Akikwama, rudia kipande kilekile, usiende mstari wa 10. Anayesoma peke yake naye atamke kwa sauti, na kabla ya kufungua mstari mwingine aseme mbele za Mungu ni sanamu ipi anaiacha.