Vile nilimnyonyesha mtoto wa farasi, mama yake alikuwa hataki kuguswa

Kama uko na farasi ana mimba ya kwanza na kuna mtu ameshakwambia ati mtoto asiponyonya mpe tu maziwa ya ng'ombe na chupa mpaka asubuhi, tafadhali usimsikize. Mimi niliambiwa hivyo huku Njoro na mzee namheshimu sana, amefuga ng'ombe wa maziwa tangu nikiwa mdogo, lakini kwa farasi hapo alinipotosha na bado naskia uchungu nikikumbuka.

Pendo wangu ni farasi mpole, wikendi anabeba watoto mjini Nakuru na hajawahi kutisha mtu. Lakini usiku ule alizaa kiwele kilikuwa kimejaa mpaka kimekuwa kigumu na cha moto, na yule mdogo akikigusa tu na pua, masikio ya mama yanalala nyuma, anapiga kelele kali, mguu unainuka. Mtoto mwenyewe hakuwa na shida. Alisimama hata kabla saa moja kuisha, akaanza kutafuta, ananyonya ukuta, ananyonya kifua cha mama, ananyonya mkono wa koti langu, kila kitu isipokuwa chuchu.

Na hapa huwezi kungoja kuche. Mtoto wa farasi akiwa tumboni hapati kinga kutoka kwa damu ya mama, kinga yake yote iko kwa ile dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya manjano, na tumbo lake linaweza kuipitisha iingie kwa damu kwa muda mfupi tu. Saa sita hadi nane za kwanza ndizo za maana, ikifika saa 24 hata umpe ndoo nzima haisaidii hiyo kazi. Sasa maziwa ya ng'ombe yatampa kinga gani? Atashiba, alale, na zile saa zinaisha. Masaisi, yaani watunza farasi, wenye uzoefu wanahesabu hivi: ndani ya saa moja asimame, ndani ya mbili anyonye, ndani ya tatu kondo la mama liwe limetoka.

Vijana wawili wa jirani walikuja kusaidia, na moyo wao ulikuwa mzuri kabisa, lakini walimshika mtoto kichwa wakawa wanamsukumia kwa kiwele kwa nguvu. Mtoto wa farasi ukimsukuma kichwa yeye anasukuma kurudi nyuma, ndivyo alivyo. Wakasukuma, akarudi, mama akazunguka, ndoo ya maji ikamwagika, mtoto akaanguka kwa nyasi akiwa amechoka, na sasa hata mama akiona mtu anainama upande ule anaanza kutetemeka. Niliwaambia wandugu asanteni, tokeni mukae nje, na muzime hiyo tochi ya simu. Tukaacha banda litulie kwanza.

Halafu ndio nikatoa sirinji, na hii nataka ushike vizuri. Nenda agroveti ununue ile kubwa ya mililita 60 bila sindano, bei yake si ya kukuumiza, nunua mbili kabisa. Kata ile ncha ya mbele na kisu chenye makali, toa ile pampu ya kuvuta, uiingize tena kutoka upande ule umekata. Sasa ule upande mwingine, laini wenye masikio ya kushikia vidole, ndio unakaa kwa chuchu, haukwaruzi. Nilipanguza kiwele polepole na kitambaa cha maji ya vuguvugu mpaka akaacha kuruka, nikaweka sirinji, nikavuta kidogo kidogo. Ukivuta kwa pupa unamuumiza na hatakupa nafasi ingine. Dang'a ikaanza kuingia, nzito, inanata kama asali, na vile kiwele kilipungua kidogo Pendo akashusha kichwa na kutoa pumzi ndefu. Hapo nikajua alikuwa anaumwa tu, hakuwa anamchukia mtoto wake.

Nilipata kama robo lita hivi, nikaweka kwa chupa safi yenye chuchu ya mpira. Chupa sikuinua juu, niliishika chini pale kando ya kiwele, ndio mtoto anywe akiwa amenyoosha shingo vile angenyonya mama, maana ukimwinua kichwa maziwa yanaweza kwenda kwa mapafu.

Kumweka kwa chuchu sasa ikawa rahisi. Mama tulimweka kando ya ukuta, ndoo ya pumba na molasi mbele yake, ndugu yangu akamshika hatamu na akainua mguu wa mbele wa upande wetu, akiwa hivyo si rahisi apige teke la nyuma upande huo. Mimi nikaweka mkono mmoja nyuma kwa matako ya mtoto, wa pili nikampa kidole nimekipaka dang'a. Akishaanza kunyonya kidole unakisogeza mpaka kwa chuchu, halafu unakitoa kando. Kichwa sikukigusa. Akakosa, akakosa tena, halafu nikasikia ule mdundo wa kumeza, mkia ukaanza kucheza, povu jeupe kwa midomo. Nililia na sioni aibu kusema.

Tulirudia kila akiamka, mpaka mama akawa hahitaji kushikwa tena. Kitovu tulikuwa tumeshachovya dawa, hiyo najua unajua. Kitu cha kuangalia ni paji la uso: mtoto akiwa na maziwa yamekaukia kwa uso, na kiwele bado kimejaa, huyo anasimama chini ya mama lakini hanywi, usidanganyike ati ameshiba. Na kama mama anauma mtoto au anamfukuza kwa nguvu, usipigane naye, ita daktari wa mifugo amdunge dawa ya kumtuliza, na kumpitishia mtoto mpira wa kumlisha puani mwachie yeye.

Wetu alikuja kesho yake, akatandaza kondo chini akaangalia kama limetoka lote, akachukua damu ya mtoto kupima kinga. Alitaka ipite miligramu 800 kwa desilita. Ilipita. Alinichaji elfu kadhaa, na nililipa nikiwa nacheka.