Fimbo ya eathi na udongo wa Nzuguni

Mimi na fundi mwenzangu wa umeme hatuelewani kuhusu eathi, ile njia ya kupeleka umeme uliovuja ardhini. Yeye akishapigilia fimbo ya futi nne, kwake kanuni imetimia. Mimi nasema mpaka mita ya kupima ukinzani wa eathi iseme, maana udongo wa Dodoma ukikauka kiangazi hupitisha umeme kwa shida.

Juzi Nzuguni, hapa Dodoma, tulipima: ukinzani wa omu 340, na ukinzani ukiwa mdogo ndio bora. Akacheka, "Breka ya kuvuja, ile inayokata umeme ukivuja kufika miliampea 30, itakata tu." Kweli itakata, ila kanuni za Uingereza tunazofuata wengi zinasema ukipita omu 200 eathi huenda isiwe imara. Tukachimbia fimbo ya pili, mbali na ya kwanza, tukaziunganisha kwa shaba: 180.

Mama mwenye nyumba akauliza hela imeongezeka ya nini, mbona taa ziliwaka tangu asubuhi!