Tajiri na Mawe ya Manda

Binti yangu alikuwa kwenye simu akitazama farasi wa Ulaya wakishindana, kila mmoja akivuta kigari chepesi cha magurudumu mawili, na dereva kakaa humo kanyoosha miguu mbele. Farasi aliyekuwa anaongoza akabadilisha mwendo ghafla, akaanza kuruka mbio za kwelikweli. Dereva akamvuta hatamu, akamzuia, na wenzake wote wakampita.

"Baba, mbona anamzuia na anashinda?"

Nikamweleza nilivyojua. Mashindano yale si ya kukimbia ovyo. Farasi lazima ashike mwendo mmoja, miguu ikipokezana kwa mpango, na akianza kuruka dereva amrudishe kwenye mwendo wake. Kule uwanja wa Vincennes, Paris, akiendelea kuruka anatolewa kabisa.

"Na nyinyi Lamu mlikuwa mkitoa punda?"

Sisi hatukuwa na haja ya kumtoa punda. Nilimwona mmoja akijitoa mwenyewe, na mimi nikiwa juu yake.

Basi, Ami, ndugu wa baba yangu. Wakati ule alikuwa na punda mmoja tu, naye alimwita Tajiri, kwa sababu ndiye aliyetulisha sote. Vichochoro vya mji havipitiki kwa gari. Ukijenga nyumba Lamu, mawe yanakatwa Manda, yanavushwa kwa mashua mpaka pwani ya mji, na kutoka hapo ni kazi ya punda kihongwe: sogi mgongoni, mzigo kulia na kushoto, kichochoro kwa kichochoro. Tajiri alizijua nyumba zote zilizokuwa zikijengwa kuliko fundi yeyote. Ukishampakia hukuwa na haja ya kumfuata.

Maulidi yakikaribia, na mbio za punda pamoja nayo, kila mwenye punda anageuka bingwa. Barazani baada ya isha huzungumzwi mwengine ila punda. Yule wa mtaa wa Langoni kalishwa miraa. Huyu kafungiwa ndani tangu mwezi uandame, anakula pumba tupu na kufunikwa gunia usiku, utadhani bwana harusi. Yule ni mzima, tatizo ni mtoto atakayempanda, mzito. Na aliyeshindwa mwaka jana bado anaeleza: njia ilikuwa na mchanga, mtalii alisimama katikati na kamera, punda alikanyaga ganda la embe. Sijapata kumsikia mtu aliyeshindwa Lamu kwa sababu punda wa mwenzake ana mbio zaidi.

Mzee mmoja akamwambia Ami ampumzishe Tajiri wiki nzima kama anataka kushinda.

"Pumba za wiki hiyo utanunua wewe?" Ami akamjibu, na mazungumzo yakahamia kwengine.

Hapo ndipo penye mgogoro wa mashindano yetu, ingawa watalii hawauoni. Mwenye punda wa ziada humpumzisha mmoja kwa ajili ya siku ile. Mwenye kutegemea mgongo mmoja hushindana na mgongo uleule uliobeba saruji asubuhi. Madaktari wa punda, wale wa kituo kilichofunguliwa mjini mwaka 1987, walikuwa wakitukumbusha kila mara juu ya vidonda vya kamba, maji, na mifuko ya plastiki ambayo punda wakiokota jaani inawafunga matumbo. Ami aliwasikiliza kwa adabu. Vidonda alivitibu, maana punda mwenye kidonda habebi. Kupumzisha ndiko kulikomshinda.

Siku yenyewe ilikuwa mwisho wa Mfungo Sita, mji umejaa wageni waliokuja kwa Maulidi ya msikiti wa Riyadha, baada ya al-asiri. Mwezi umekufa, kwa hiyo bahari ilikuwa bamvua, maji yamepanda mpaka ukutani na yanarusha povu njiani. Likumbukeni hilo la maji.

Punda wa Lamu hapandwi katikati ya mgongo. Unakaa nyuma kabisa, karibu na mkia, miguu inaning'inia, na mkononi una kamba na kijiti. Tandiko hakuna, lijamu hakuna. Tulianzia upande wa Shela kuelekea gati. Ami akanishika goti akaniambia, "Usimpige. Mwache aone ndia."

Mwanzo ulikuwa vurugu kama kawaida. Mmoja alirudi nyuma badala ya kwenda mbele. Wawili waling'atana. Mwengine alishuka baharini na mpandaji wake, maji yakawafika tumboni, na watu wakashangilia kuliko walivyoshangilia mbio. Tajiri akaondoka polepole, masikio mbele, kisha akaanza kuongeza. Watu walisimama katikati ya njia na hawakupisha mpaka punda alipowafika kifuani. Madari yalikuwa meusi kwa mabuibui ya wanawake. Nilimpita mmoja, nikampita mwengine, nikamfikia yule wa Langoni wa miraa, tukaenda bega kwa bega, na nikasikia kishindo cha kwato zake kikibaki nyuma. Mbele yangu sikumwona punda tena. Niliona gati.

Kati yangu na gati palikuwa na mashua.

Ilikuwa imetoka Manda na shehena ya mawe, na kwa kuwa maji yalikuwa yamejaa, nahodha aliileta mpaka ubavuni mwa ukuta, akasubiri mashindano yaishe ndipo apakue. Yeye na baharia wake walikuwa wamesimama juu ya mawe, wanatazama.

Masikio ya Tajiri yaligeuka kabla ya kichwa. Kisha mwendo ukapungua, taratibu, bila uchovu wowote. Akafika usawa wa mashua, akajipanga ubavu kwa ubavu na ukuta, miguu akaisawazisha, akasimama. Nikampiga visigino. Nikamvuta kamba. Nikamwita kwa majina yote niliyoyajua, mengine si ya kuandikwa katika habari ya Maulidi. Hakutikisika hata ngozi ya shingo. Alikuwa anangoja kupakiwa.

"Huyu amekuya kazini!" nahodha akapiga ukelele, na pwani nzima ikaangua kicheko. Wa Langoni akanipita. Wale waliokuwa waking'atana wakanipita. Yule aliyetoka baharini akanipita, anachuruzika maji, mpandaji wake akinipungia mkono.

Baharia akaokota jiwe moja, dogo tu, akaliweka mgongoni mwa Tajiri mbele ya magoti yangu. Mzaha. Tajiri akashusha pumzi, akaanza kutembea. Nikalishika lile jiwe lisianguke, sijui kwa nini. Hakwenda upande wa gati. Alikata kushoto, akaingia kichochoro cha mtaa wa Mkomani, akapanda ngazi mbili, akapita mbele ya wanawake waliokuwa wakija kutazama mbio, mpaka kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa. Hapo akasimama mlangoni akitazama ukuta. Hapakuwa na fundi hata mmoja. Wote walikuwa pwani wananicheka. Nikashuka, nikaliweka jiwe kwenye rundo la wenzake.

Ami alitufuata kwa miguu, kanzu kaishika mkononi. Alimtazama punda, akalitazama rundo, akanitazama mimi. "Kazi ameijua," akasema. Kama ile ilikuwa sifa au lawama, na kama ilimlenga Tajiri, mimi, au yeye mwenyewe, nimelifikiria mara nyingi na bado sina hakika. Sauti yake haikuwa ya hasira. Wala hakucheka. Mwaka uliofuata hakumwandikisha. Alisema pumba zimepanda bei, na kweli zilikuwa zimepanda. Tajiri alibeba mawe miaka mingine mingi, kisha tumbo likamfunga, na madaktari walipofika walikuta ni plastiki. Ile marufuku ya mifuko ya mwaka 2017 haikumkuta.

Niliporudi nyumbani mara ya mwisho nilikaa baraza moja karibu na Mkunguni, na mzee nisiyemjua alikuwa akiwasimulia vijana habari za punda aliyeacha mbio akaenda kazini. Alisimulia vizuri, mikono hewani. Katika kisa chake punda alikuwa na mawe kumi na mawili mgongoni, na bado anaongoza.

"Lilikuwa moja," nikasema.

Akanitazama juu mpaka chini, viatu vyangu vya Mombasa na begi langu la safari. "Kwani wewe ulikuwapo?"

Vijana wakamwomba aendelee.