Siku tuliyompunguza Tank mbio

Kwenye gemu ya kompyuta ya Left 4 Dead 2 kuna zombi mmoja anaitwa Tank, jitu lina mikono kama magogo, na likizo ya 2014 pale Tanga huyo ndo alikuwa anatumaliza mimi na dogo, mtoto wa mamdogo. Tulikuwa tumeunga kompyuta mbili kwa waya, sisi wawili na boti wawili (wenzetu wanaoendeshwa na kompyuta), tumekwama mwisho wa ile kampeni ya kwanza ya mji wa Savannah, Marekani, ndani ya mol (jengo kubwa la maduka), unapotakiwa ukusanye madumu 13 ya mafuta ujaze gari la mashindano mtoroke. Madumu yanaanza kunoga tu, muziki unabadilika, Tank huyo anakuja.

Dogo akasema kaka huyu kazidi bwana, tumpunguze damu, yaani uhai wake. Levo ya kawaida Tank ana damu 4000, wewe una 100. Tukafungua konsoli, yaani sehemu ya kuandikia amri za gemu, tukaandika sv_cheats 1 ili ikubali, halafu z_tank_health 2000. Akaja, tukammiminia risasi wote wanne, akafa hata hajamgusa mtu. Dogo akashangilia kinoma. Lakini tulivyorudia, ikafika mahali Tank anatokea na dogo anaendelea kubeba dumu lake wala hageuki kumwangalia, na hiyo iliniuma kweli, maana raha ya ile gemu ni pale unaposikia ule muziki na moyo unaanza kwenda mbio.

Usiku dogo kalala nikakaa na zile namba. Mchezaji mwenye afya nzuri anakimbia kwa kasi ya 220, Tank anakimbia 210, yaani unamzidi kidogo sana, ukikwama kwenye kiti au zombi wa kawaida akikugusa tu, kakufikia. Ngumi yake moja inakutoa damu 24, kwa hiyo zikikupata tatu unabaki na 28, na ukishuka chini ya 40 unaanza kuchechemea, mbio zinashuka hadi 150, hapo huna pa kwenda tena. Nikaona kilichokuwa kinatuua ni ile tofauti ya 10. Hizo damu zake 4000 ni za haki kabisa, ndo zinawalazimisha mkae pamoja na mpige kwa zamu.

Asubuhi nikamrudishia damu zake zote, nikaandika z_tank_speed 180.

Aisee. Tank akaja, dogo akatupa dumu akaanza kumzungusha kwenye lile gari la mashindano huku anapiga kelele kaka piga, kaka piga!, mimi napiga kwa juu, risasi zinaisha, napakia, napiga tena. Boti mmoja alikuwa anachechemea, Tank akamgeukia na kumlaza palepale, kwa hiyo hofu bado ilikuwepo nzima nzima, ila sasa aliye mzima alikuwa na nafasi ya kufikiri. Mwisho Tank akaanguka. Tukajaza madumu yote, tukatoka.

Dogo akaniomba nimwekee zile amri kwenye faili aondoke nalo na flashi. Baadae akaniambia kwao wanacheza na 190, eti 180 mteremko sana.