Starlet yangu imevaa breki za GT, ila ngoja niwahadithie

Aisee hii stori nimeikalia karibu miezi miwili kwa sababu kuna sehemu inanidhalilisha. Wanaonijua wanakijua kile kistarlet changu, Toyota Starlet EP82 ya 1993 (EP82 ni kodi ya modeli), injini 4E-FE ileile iliyokuja nayo, vioo vya kuzungusha kwa mkono, na kila siku naambiwa nikiuze nichukue Toyota IST kama binadamu wengine. Siuzi.

Shida ilianzia Lushoto, nilienda kumchukua mama. Ile barabara ya kushuka mpaka Mombo ni kilomita 33 hivi za kona juu ya kona, huku mwamba, huku unaona mapaa ya nyumba za watu kule bondeni, na unateremka karibu mita 1,000. Mimi na tamaa yangu ya kubana mafuta nikaweka frii, yaani gia nimetoa, gari inateremka yenyewe. Kabla ya Soni mama akaanza, "Mwanangu, mbona kuna kitu kinaungua?" nikamwambia ni ile fuso ya mbele. Tumeshapita Soni, kuna kona nakanyaga breki naona pedali inaenda tu, laini kama nimekanyaga andazi, imegusa chini na gari bado inatembea!! Nikapampu, nikalazimisha namba mbili gia ikalia, handibreki juu, tukasimama mtaro uko palepale. Mama hakusema neno, alishuka na mkoba wake akaenda kukaa kwenye jiwe. Tukapoa kama dakika arobaini, nakanyaga tena, breki hizo hapo, ngumu, kama sio zenyewe.

Mafuta ya breki yananyonya unyevu, hata ukiwa hujaigusa gari. Yana madaraja yameandikwa kwenye chupa: DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, ikishakunywa maji kiwango kinashuka mpaka 140, DOT 4 ni 230 na 155. Yangu sikuwahi kuyabadilisha tangu ninunue gari, yalikuwa na rangi ya chai kavu iliyolala. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyezeka, kwa hiyo mguu wako unabonyeza mvuke na pistoni hata habari haina.

Mtu mwenye akili angeweka mafuta mapya na padi nzuri akaishia hapo. Mimi nilikuwa nimeshapata kisingizio cha kufunga breki kubwa. Ile EP82 GT Turbo, yenye injini ya turbo 4E-FTE ya farasi 135, mbele ina diski nene zenye nafasi ya upepo katikati, wakati zangu zilikuwa zile nyembamba kama sahani. Basi maduka ya spea ya Gerezani siku mbili nazunguka kwenye jua, mpaka nikapata seti used kuanzia nakoli (kile chuma kinachobeba tairi), hab, diski na kalipa (ile inayobana padi kwenye diski), zaidi ya laki tatu na hapo nimelia sana. Diski ina maandishi ya unene wa mwisho pale pembeni, nenda na kipimo chako, muuza spea atakwambia "hiyo bado mpya kaka" hata kama imebaki karatasi.

Sasa aibu inakuja. Fundi wangu kafunga vizuri, tukaanza kutoa upepo kwenye mfumo wa breki, "kanyaga, kanyaga, shikilia!", mpaka goti likauma. Chupa ya kwanza ya DOT 4 ikaisha, ya pili, ya tatu, pedali bado andazi. Tukailaumu masta silinda (ile pampu inayosukumwa na pedali), tukalaumu hozi, mimi nikiwa wa kwanza kujifanya najua kwamba kalipa kubwa zinataka masta kubwa, na nikawa nimeshapiga simu kuulizia bei. Akaja dogo wa kuosha gari, kainama, kauliza, "Hizi nati za kutolea upepo zinakaaga kwa chini?"

Kimya.

Kalipa ya kulia ilikuwa kushoto, ya kushoto kulia. Zinaingia kabisa, bolti zinakaa, kila kitu safi, ila nati ya upepo inaangalia chini na upepo siku zote unakaa juu, hata ungemwaga pipa zima usingetoka. Tulizibadilisha upande, nusu chupa tu, pedali ikawa jiwe. Dogo nikampa elfu kumi na fundi hajanitazama usoni mpaka leo.

Halafu rimu zangu za 13 zikagoma, zinakwaruza kalipa, ikabidi nitafute za 14, hiyo hela haikuwepo kwenye hesabu kabisa. Padi mpya nilizilainisha, yaani nilizizoesha diski, alfajiri barabara ya Bagamoyo, natoka 60 mpaka 20 bila kusimama kabisa, mara kama kumi, halafu naiacha itembee ipoe.

Lushoto nimerudi nayo wiki iliyopita, nikashuka na namba mbili, safari hii hakuna frii, na Mombo tumefika bila harufu. Mama alikaa siti ya nyuma, anasema mbele kuna jua. Huko nyuma bado ni dramu na shuu za zamani, handibreki inashika mpaka uivute jino la saba, hizo mpaka mshahara utoke.