Siku tuliyotoa diski kabla ya mnada

Mwaka wa 2022 nilikua fundi wa kompyuta kwenye ofisi moja ya serikali huku mashariki mwa Uganda, upande wa Malaba. Mwaka wa fedha ukafungwa tarehe 30 Juni, ikaja bodi ya savei, wale watu wanaokagua mali ya serikali na kuandika hiki bado kizima, hiki kimekufa kiuzwe. Stoo ilikua haijaguswa miaka. Monita za kichogo zimepangana karibu na dari, printa zimejaa viota vya panya, na betri za UPS, zile boksi za kushikilia kompyuta umeme ukikatika, zimevimba hadi plastiki imepasuka, asidi imeshuka chini ikala saruji.

Vitu kama hivyo kawaida vinapigwa mnada loti nzima, mwenye bei ya juu anabeba. Akaja mzee mmoja wa skrapu, tulikua tunamwita Hajji, mtu mpole sana, akawa anapita katikati ya monita anazigonga na ufunguo wa pikapu.

"Kijana wangu, mi nataka shaba na zile bodi za kijani, hii mioo nitamwaga."

Nikamuuliza utamwaga wapi mzee, akanyosha mdomo kule bondeni kwenye mpunga. Mpunga tunaokula sisi wote! Kioo cha monita ya kichogo kina madini ya risasi, monita moja inaweza kua na kilo nzima na zaidi, na hiyo sumu ikimwingia mtoto inaharibu ubongo na haiponi. Ata hiyo shaba, wanaipata kwa kuchoma waya mpaka plastiki iishe, vijana wamesimama palepale kwenye moshi. Hajji hakua na ubaya wowote, ni vile hakuna aliyewahi kumwambia.

Alafu kuna diski, ile sehemu ya kompyuta inayotunza mafaili. Nilichomoa moja kwenye kompyuta iliyoandikwa imekufa, nikaiunganisha na laptopu yangu nione kama bado inasoma, ikasoma vizuri kabisa. Faili la kwanza kufungua ilikua orodha ya watu wanaomeza ARV, dawa za virusi vya ukimwi: jina, kijiji, namba ya simu. Nikaona kijiji chetu, nikazima palepale sikutaka kujua zaidi. Na hiyo kitu ilikua inaenda kwa mnada, wakati sheria ya kulinda data za watu tunayo tangu 2019!

Nikaenda kwa mama wa stoo, nikamwambia diski zote zitoke.

"Mwanangu, mkaguzi akikuta kwa kitabu kompyuta ni moja na wewe umetoa kitu ndani, mi nitamjibu nini?"

Swali lake lilikua la haki kabisa, maana saini ni yake. Tukakubaliana na watu wa savei waandike kwenye fomu kila kompyuta inauzwa bila diski, wote wakatia saini, ndo akanipa funguo. Diski tukazipeleka kwa fundi wa kuchomelea pale mjini atoboe na drili, zile za kompyuta za mezani ndani ni sahani za aluminiamu zinatoboka pole pole, za laptopu nyingine sahani ni kioo, zinapasuka vipande vipande. Sikuondoka pale mpaka ya mwisho.

Monita na betri tukazitoa kwenye loti. Hapo kelele zikaanza, maana bila betri Hajji alishusha bei, na bosi akauliza nani atalipa mafuta ya kuzipeleka Kampala, kile kituo cha taifa cha takataka za umeme kilichofunguliwa 2021. Pesa haikuwepo. Zikakaa stoo miezi, hadi lori lililoleta madawati likawa linarudi Kampala tupu, mama wa stoo mwenyewe akamwomba dereva, tukapakia hadi usiku.

Bajeti iliyofuata niliomba laini moja tu ya matumizi, usafiri wa takataka za umeme. Waliikata.